Siku Tulipompigia Mzee Ekai Wimbo Wake

Mimi kupita mtaa wa Kiwanjani mchana siku hizi ni kazi, nazunguka kwa nyuma kama mtu ameiba mbuzi, na wacha niseme tu kwa nini, maana aibu yenyewe nusu ya mji walishaiona kwa simu.

Ninaongoza bendi ya jazi, bendi kubwa, tarumbeta, tromboni, saksafoni na dramu, na tunapiga muziki wa sinema ambazo kila mtu anazijua (mimi ndiye ninaupanga upya, kila chombo na sehemu yake). Muziki huo niliupendea kwa Mzee Ekai, aliyekuwa na chumba cha video hapo Kiwanjani, tulikokuwa tukitazama sinema tukiwa watoto. Alipougua akamwambia mkewe, Mama Akiru, kwamba siku ya kumzika tumpigie ule wa sinema ya wapanda farasi, polepole, watu wote wakiwa hapo. Alipofariki, pasta hakutaka, shemeji za Mama Akiru pia hawakutaka, wakasema huo ni mchezo. Mama akabishana nao mpaka wakanyamaza, halafu akanishika mkono. "Nimekupigania, kijana wangu. Usiniangushe."

Sasa huo wimbo nilikuwa nimeupangia harusi. Unaanza na tromboni taratibu, vizuri kabisa, halafu nikiinua mkono wa kushoto hadi usoni (wa kulia umeshika tarumbeta) dramu inalipuka na wenye saksafoni wanasimama wote, mbio. Ningeuandika upya, lakini uvivu, nikawaambia wenzangu tutarudia tu ule mwanzo wa polepole hadi tumalize. Guyo wa dramu hakuwepo, alikuwa kwa lori kutoka Merti, akafika tukiwa karibu kuanza, vumbi hadi kwa kope, na mimi nikajiambia hakuna haja ya kumweleza, si nisipoinua mkono hataenda popote?

Tukaanza. Jeneza likaanza kushuka, tromboni zinalia, hata pasta ameinamisha kichwa, nami nikamkumbuka mzee akituambia tusogee mbele ndio tuone vizuri, machozi yakanijaa na, jamani, nikainua mkono wa kushoto nikajipangusa.

Guyo akalipua. Wenye saksafoni, kwa mazoea, wakasimama (watu wazima, na nilikuwa nimewaambia), waliokuwa wameshika kamba wakashtuka, jeneza likainama upande mmoja likakwama hapo. Mtu akacheka huko nyuma. Nikapunga mikono yote miwili kuwazuia, wao wakadhani nataka kasi zaidi, wakaongeza, mpaka nikaenda nikamnyang'anya Guyo vijiti vyake. "Kwani nini?" akaniuliza, jasho linamtoka, hajui kitu.

Shemeji mkubwa akamgeukia Mama Akiru. "Si tulikuambia?" Mama akaangalia tu lile jeneza likinyooshwa. Pasta akaanzisha wimbo wa kanisa na udongo ukaanza kuingia. Nilitamani wanifunike na mimi.

Baada ya wiki kadhaa nikaenda kwa Mama Akiru kuomba msamaha. Nikamwambia nitawachukua wenzangu twende kaburini tumpigie mzee vile alitaka, polepole. Akaniwekea chai, akakaa.

"Alitaka watu wasikie," akasema. "Na watu walishaenda."

Chai sikumaliza. Sasa mtu akinipigia simu ya mazishi namwambia sisi ni bendi ya harusi, pole sana, atafute wengine.