Balozi Aliyetibiwa kwa Wali wa Nazi

Leodegar Komba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini, na kule kwetu Mbagala alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi ya kwanza ilimpa mshahara, ya pili ilimpa kitambi. Aliipenda zaidi ya pili.

Majukumu ya balozi yalijulikana: kutangaza mikutano, kusuluhisha ugomvi wa kuku, kuuliza mgeni wa nyumba fulani ametoka wapi na ataondoka lini. Lisilosemwa lilikuwa kula. Pakiwa na arusi, hitima, jando au komunyo ya kwanza, sahani ya balozi ilitangulia, nayo ilirundikwa mpaka wali ukamwagika ukingoni. Hakuwa na ruhusa ya kuonja na kuacha. Balozi akionja akaacha, kesho yake kisimani watu wataulizana: amejua nini juu ya nyumba ile ambacho sisi hatukijui? Amehofia uchafu, au amehofia sumu? Basi Leodegar alikula kwa niaba ya umma, tena kwa bidii ambayo, kama taifa lingelima nayo pamba, leo tungekuwa mbali.

Mwaka uliofuata vita ya Kagera alianza kunywa maji kama ng'ombe wa mnadani, na njia ya chooni akaifanya ya kwake peke yake. Mkewe Filomena alidhani ni hila za watu wa ofisini. Hospitali wakasema ni kisukari. Leodegar alicheka. Sukari yenyewe duka la ushirika lilikuwa halijaiona tangu mfungo wa Ramadhani. Nchi nzima ilikuwa imewekwa kwenye mlo wa wagonjwa wa kisukari bila hata kupimwa, na katika watu wote hao akaugua yeye. Aliona ni sawa na kushtakiwa wizi wa ng'ombe mahali pasipo na zizi.

Daktari, kijana wa Bukoba aitwaye Gozbert, alimweleza taratibu kwamba wali, ugali na mihogo navyo hugeuka sukari mwilini. Ale kidogo, mboga ziwe nyingi, mafuta yawe haba. Kisha akamvua kiatu cha kulia, akatazama kidonda kilichokuwa chini ya kidole gumba, zawadi ya miaka ya kupeleka barua kwa miguu. Alikitazama muda mrefu kuliko mgonjwa alivyopenda. Akasema kikiendelea kuchimbika watakata kidole, na wakichelewa, watakata mguu.

Tarishi asiye na mguu ni mwananchi wa kawaida mwenye njaa. Leodegar alilijua hilo. Lakini katika yote aliyoambiwa siku ile, neno aliloondoka nalo lilikuwa moja tu: mafuta.

Mafuta ndiyo yaliyokuwa habari ya mji. Ya kopo yalikuwa yamepotea pamoja na sabuni, na watu walipanga foleni bila kujua mbele kunauzwa nini. Jirani yake, Bi Mauwa, hakupanga foleni yoyote. Alikuwa na minazi nyuma ya nyumba. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka maji yakakauka na mafuta yakabaki yameelea juu, meupe na safi. Ukipita uani kwake wakati huo, njaa ilikushika hata kama umetoka kula. Yeye ndiye aliyesema kwamba mafuta ya nazi hayana madhara, kwani babu yake kule Lindi alikula nazi maisha yake yote na akafa na meno yake yote. Alikufa kwa ugonjwa gani, hakuna aliyeuliza.

Ilipofika Jumapili, maneno ya Bi Mauwa yalikuwa siasa. Leodegar alisimama mkutanoni akatangaza kuwa mafuta ya nazi ni kujitegemea ndani ya sufuria. Ya kopo ni ya mabeberu na ndiyo yaliyotuletea kisukari. Ya nazi hukata sukari. Watu walipiga makofi ya kweli, kwa sababu tangu nyumba kumi zile zianzishwe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuagizwa kufanya jambo wanalolipenda.

Matibabu yakaanza. Asubuhi alikunywa mafuta ya nazi kabla ya chai. Mchana maharage ya nazi, jioni mihogo iliyozama kwenye tui, samaki waliokaangwa mpaka wakalia. Kidonda nacho kilipakwa. Juu ya yote ulikuwepo wali. Alimweleza Filomena kwamba wali ukishapikwa kwa nazi si wali tena, maana nazi imekwisha kuua sukari yake. Filomena, aliyelelewa na masista kule Peramiho, Songea, alimpakulia, na mwiko wake uligonga sufuria mpaka ukasikika nyumba ya pili.

Majirani walimpenda balozi wao. Kila nyumba sasa ilimpikia kwa nazi, na kwa kuwa ilikuwa dawa, walimwongezea kipimo. Sijapata kuona mtu akisukumwa kaburini kwa adabu kiasi kile.

Bahati mbaya kidonda hakikuhudhuria mkutano. Kilizidi kuchimbika, kikaanza kutoa harufu, na Filomena akamkokota kurudi hospitali. Gozbert alipouliza anakula nini, Leodegar alieleza kwa fahari. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, mafuta ya nazi si sumu wala si dawa. Ni mafuta. Kijiko kwenye mboga ya nyumba nzima, sina ugomvi na wewe. Lakini wewe umeyafanya kibali cha kula sinia."

Leodegar alijaribu kumfafanulia kuhusu kujitegemea. Gozbert alimjibu kwamba kongosho lake halikupokea waraka huo. Alimwongezea vidonge, akamsafisha kidonda, akamwambia arudi mwisho wa mwezi. Kama hali itakuwa hiyohiyo, kidole anakitoa.

Tangu siku hiyo Filomena alitaifisha jiko. Mchicha, bamia, dagaa, mafuta ya nazi kidogo ya kunukisha tu, na ugali usiozidi ngumi. Leodegar alikula kama mfungwa. Kidonda kikaanza kukauka pembezoni. Ndipo Bi Mauwa akamwoza binti yake.

Sahani ilitangulia kama kawaida. Bi Mauwa aliileta kwa mikono yake mwenyewe, wanaume wote wakitazama.

"Balozi, hii nimekupikia dawa yako. Tui la kwanza tupu, sikutia maji."

Leodegar aliutazama wali ule kama mtu anavyomtazama mchumba wa zamani. "Bi Mauwa, nipunguzie. Nipe samaki, na wali kiasi cha kiganja."

"Umeona nini kwenye wali wangu?"

"Sijaona kitu. Nina kisukari, watanikata mguu."

"Si wewe uliyetuambia nazi inakikata?"

"Nilisema hivyo kwa sababu napenda wali."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Bi Mauwa aliichukua sahani, akarudi na kiganja cha wali na mkia wa samaki, akaviweka mbele yake bila kumkaribisha. Huko jikoni alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, kwamba wanawake wa Songea wanajua kuwalisha waume zao limbwata wawatii, na kwamba mume aliyefunzwa kukataa chakula cha watu si mume tena, ni mtoto wa kunyonya.

Kisimani habari ilikomaa haraka. Balozi amekataa chakula cha Bi Mauwa. Balozi ameikana siasa yake mwenyewe hadharani. Huenda ameahidiwa mafuta ya kopo na wakubwa. Uchaguzi wa mabalozi ulipofika, nyumba kumi zilimchagua Kornelio, fundi baiskeli, mtu mtaratibu asiyejua kuhutubia lakini mwenye tumbo lisilo na kinyongo.

Kidonda kilifunga. Mwisho wa mwezi Gozbert alikibonyeza kidole, akasema "vizuri," akaita mgonjwa mwingine.

Siku ya arobaini ya mama mkwe wa Kornelio nilimwona Leodegar akitoka kazini, mkoba wa barua begani, akitembea kwa miguu yake yote miwili. Mabusati yalikuwa yametandikwa hadi kando ya njia, na harufu ya wali wa nazi ilikuwa imejaa mtaa mzima. Alipunguza mwendo. Hakuna aliyemwita.