Nimpake Samli Aliyenipiga Teke Ziwani?

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi ipokee tu. Naomba ufiche jina langu, maana Katesh ni ndogo na midomo ya watu ni mirefu. Nina miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani, binti wa wafugaji wa huku Hanang. Nimechumbiwa, harusi iko karibu, na mchumba wangu ananitia kinyaa. Ndiyo, kinyaa. Akinishika mkono natamani nikanawe kwa sabuni.

Huyu mwanamume nimwite Elia. Anatengeneza video za utalii, anazirusha mtandaoni. Mwaka huu alinunua ile kamera ngumu isiyoogopa maji wala kudondoka, yenye jicho mbele na jicho nyuma, inachukua pande zote kwa mpigo mmoja. Baadaye unakaa na simu unachagua ni upande upi watu wauone. Mimi hayo sikuyajua. Kwangu kamera ni kamera.

Tukaenda nayo ziwa Basotu. Kuna kaka mmoja pale, nimwite Safari, boti lake la mbao amelifungia mlingoti na tanga alilolishona kwa turubai. Tulipopanda, Elia akasimama ukingoni mwa boti na kamera yake kwenye fimbo, mimi nimekaa pembeni natabasamu kama nilivyoagizwa. Upepo ulivyoanza kuvuma vibaya Safari akasema, "Kaka, kaa chini nishushe tanga." Elia akamjibu, "Acha kwanza, sasa hivi ndiyo picha inapendeza!" Hajamaliza kusema, boti likalala ubavu nami nikaenda majini na gauni langu. Sijui kuogelea, jamani. Sisi tumekua na ng'ombe. Nakumbuka nimeshika kitu, kikaniponyoka, nikameza maji mpaka nikaona giza. Nilipozinduka nilikuwa ndani ya boti, nimelala mikononi mwa Elia, analia, ananiita mke wangu.

Akaniambia ndiye aliyenivuta, na kwamba Safari aliruka kujiokoa mwenyewe. Nikaamini. Video aliyorusha inaonyesha maji yanavyopanda, halafu mimi mikononi mwake, na chini kaandika hayo hayo aliyoniambia. Watu wakalia kwenye komenti, wakamwita shujaa. Safari alipojaribu kujitetea wakamtukana. Sasa hivi hakuna anayepanda boti lake.

Habari ikafika kwa baba. Zamani kwetu aliyeua simba alipakwa samli kichwani na ndugu wakamzawadia ng'ombe. Baba akasema, "Aliyemtoa mwanangu kwenye maji hana tofauti na aliyeua simba." Akampaka kwa mkono wake mwenyewe. Baba yangu ni mgumu, hata kwenye msiba wa bibi sikumwona akilia, lakini siku ile alilia. Elia naye ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, samli inamtiririka mpaka kwenye kope, anasema, "Mzee, nilifanya tu kile ambacho mwanamume yeyote angefanya." Loh!

Wiki iliyopita akanipa simu yake nichague picha ya kadi ya harusi. Nikafungua ile video ya ziwani, ndefu, kabla hajaikata. Kidole kikateleza kwenye kioo, picha ikazunguka. Nikashtuka. Nikakiburuza tena makusudi, nikaona ule upande ambao hakuuonyesha.

Nilijiona mimi. Nimeshika mguu wake kwa mikono miwili, macho yamenitoka. Yeye kaikumbatia kamera kifuani kama mtoto mchanga, halafu ananipiga teke mkononi. Mara ya kwanza sikuachia. Akapiga tena, kwa kisigino. Aliyeruka ni Safari. Ndiye aliyenisukuma juu kutoka majini, na yeye kabaki majini ameshika ubao wa boti anahema. Elia akageuka, akaitazama kamera kuona kama bado inawaka, akajifuta uso, akanipakata, ndipo akaanza kulia. Nilikimbilia nje nikatapika.

Nilijitumia ile video kwanza, kisha nikamuuliza. Hakukana hata. Akasema, "Ungeendelea kunivuta boti lingepinduka tufe wote. Si uko hai? Unataka nini zaidi?" Kisha akanisogelea kwa sauti ya upole, ile ya kwenye video zake. "Mwonyeshe baba yako kama unataka azikwe kwa aibu. Alinipaka samli, sikujipaka." Ptuu! Hata nguruwe ana haya zaidi yake.

Juzi nimekutana na Safari mnadani. Nilijua atanisema. Akaniuliza tu, "Dada, kifua kimepona?" Nikaitikia ndiyo. Akasema, "Afadhali," akaendelea na njia yake. Nilibaki nimesimama katikati ya mbuzi, nalia kama chizi.

Sasa Jumamosi baba anakusanya ukoo mzima kumzawadia Elia. Wajomba wanaleta ng'ombe, naye baba anatoa yule ng'ombe mweupe ambaye hata ada yangu ya shule haikumfanya amuuze. Mama ameshasukasuka maziwa, samli iko tayari kwenye kibuyu. Na baba ameamua mara hii asipake yeye, nimpake mimi niliyeokolewa, wazee wote wakiona. Nikisema ukweli, baba yangu atavunjika mbele ya watu wanaomheshimu. Nikinyamaza, nitalala na kile kisigino maisha yangu yote, na Safari atabaki mwoga wa ziwa zima.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nisaidieni kuamua. Nichovye mkono kwenye kibuyu nimpake, au niwape wazee simu niwaambie waburuze kidole?