Mama Fagio na Mgeni wa Ua la Kakao

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Fagio amepiga magoti mbele ya mkakao. Jicho moja amelifumba, jingine amelibandika kwenye lenzi ya fundi saa. Ua jeupe, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, limechomoza kwenye gome la shina lenyewe. Limefunguka alfajiri hii. Lisipopata mgeni leo, kesho litaanguka.

"Usipumue kwa nguvu," anamnong'oneza mumewe aliyesimama nyuma yake.

Mgeni anakuja. Ni kidudu chenye mabawa, kisichozidi kichwa cha pini. Kinazunguka mara mbili, kinajipenyeza ndani ya ua, kinatoka na chavua mgongoni na kwenda ua la mti wa pili. Mama Fagio anashusha pumzi. Ameliona jambo hili mara mamia.

"Chokoleti yote ya dunia inapita mlango ule," anasema. "Yote. Na mimi nilikuwa naufunga kwa ufagio."

Lakini leo hana raha. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, anakuja na kopo la rangi nyekundu. Anataka kutia alama miti ya msitu wa ekari nne ulio juu ya shamba, urithi wa baba yao, ili Jumatatu wenye misumeno wauangushe na kakao mpya ipandwe. Yeye ndiye mkubwa wa familia, na neno lake ndilo la mwisho.

Mama Fagio, mwenye miaka hamsini na minne, jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na moja alifagia shamba lake la ekari tatu kama uwanja wa nyumba. Jani halikulala chini. Maganda ya kakao aliyakusanya na kuyachoma moto. Majirani walileta wakwe zao waje wajifunze usafi.

Maua yalikuwa yakijaa hadi mashina yanaonekana meupe, kisha yote yanapukutika. Mti mzima ulimpa matunda manane au tisa. Alidhani ni ugonjwa, akapulizia dawa. Akadhani ni husuda, akanuniana na nusu ya kijiji.

Halafu akateguka kifundo cha mguu. Msimu mzima hakushika ufagio. Majani yakarundikana upande wa juu, unaopakana na msitu, maganda yakaoza yalipoangukia. Siku aliyotoka na mkongojo wake kwenda kuona hasara, alikuta upande ule mchafu umezaa hadi matunda yanasukumana.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Nilijiona mjinga, nikafurahi, vyote kwa pamoja."

Ndipo akaitoa sandukuni lenzi ya marehemu baba yake, aliyekuwa fundi saa. Alikaa siku nne mbele ya shina moja. Siku ya tano alimwona mgeni. Bwana shamba alipopita alimthibitishia: vidudu hivyo ndivyo vinavyochavusha kakao, na huzaliana kwenye majani na maganda yanayooza penye unyevu.

Tangu hapo ameacha kufagia na kupulizia dawa, na amepanda miti ya kivuli. Msimu uliopita aliuza kilo mia nne na kumi za kakao kavu. Zamani alishukuru akifikisha mia na hamsini. Mwanawe wa mwisho anasoma ufundi chuoni kwa kakao hiyo.

"Siku hizi hafagii hata sebuleni," mumewe anatania, akipasua tunda kwa panga. "Nikiuliza, naambiwa kuna wageni."

Mnunuzi wa kakao naye sasa anadai ramani ya shamba kabla ya kupima gunia. Kakao iliyopandwa palipokatwa msitu haichukui. Shemeji analijua hilo. Jibu lake ni moja: yupo mnunuzi mwingine asiyeuliza.

Saa moja na nusu anafika, kopo mkononi, mpini wa brashi ukichungulia kutoka mfuko wa nyuma wa suruali.

"Shemeji, leo nina haraka," anasema.

"Haraka yako naijua, shemeji. Nipe jicho moja tu."

Anampa lenzi. Mzee anachuchumaa akilalamikia magoti. Dakika zinapita. Analalamika kwamba haoni kitu, kwamba amefanywa mtoto. Kisha anaisogeza lenzi karibu zaidi na ua.

Hasogei kwa muda mrefu. Jasho linamtiririka shavuni na hajifuti.

"Kimeingia," anasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Kadudu kale kameingia."

"Ndiko kanakotulisha."

Anahama shina la pili, kisha la tatu, lenzi haijatoka jichoni. Miaka arobaini amelima kakao, na hakuwahi kujua ua hugeukaje kuwa tunda. Anakiri mwenyewe, bila kuulizwa.

"Na kiangazi, majani ya huku yakikauka," anauliza, "hawa wanakaa wapi?"

Mama Fagio anageuka. Ananyoosha mkono juu, kwenye msitu, ambako ukungu bado haujaondoka.

Mzee anautazama msitu huo kama anauona leo. Analitazama kopo. Mumewe Mama Fagio ameacha kupasua kakao.

"Bahati mbaya," shemeji anasema, akijipapasa mfuko wa shati. "Nimesahau brashi nyumbani."

Hakuna anayemsahihisha. Anaondoka taratibu na kopo lake, mpini wa brashi ukicheza mfukoni kwa kila hatua.

Mama Fagio anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mvua zikianza atapanda miti mingine sitini ya kivuli, kutoka mpaka wa msitu hadi chini kabisa ya shamba, ili wageni wapate njia ya kushukia.

Na shemeji akija kuikumbuka brashi?

"Aje nayo," anasema, akiifunga lenzi kwenye kitambaa. "Nitampa tena jicho."