Sura ya Wiki ya Kumi na Nne

"Hawa wote ishirini na wawili hawakunichora mimi," Rozina alisema, akionyesha michoro ukutani. "Wamemchora mtu aliyekaa hapa mwezi wa tatu. Aliyenichora mimi ni huyu mmoja, na ndiye mliyemwangusha."

Dakta Luhende alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na fomu za alama mkono wa pili. Chai yenyewe ilikuwa ya Rozina, na vitumbua vilivyokuwa mezani vilikuwa vyake.

"Mama Evelina, nakuomba. Chukua chupa zako za chai, tuache tumalize. Kusahihisha si kazi yako."

"Kukaa ndiyo kazi yangu. Na nimekaa."

"Umekaa, na tumeshukuru sana."

"Basi kama ni mimi niliyekaa, nani mwingine anamjua aliyekaa?"

Mtahini wa nje, Profesa Wilhelmina, aliacha kutafuna. Alikuwa amefika kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar kuja kukagua usahihishaji wa shahada ya sanaa, na tangu afike hakuna aliyembishia Luhende mbele yake. Alifuta vidole kwa karatasi, akaegemea kiti.

"Mwache aseme, Dakta," alisema. "Ndege yangu ni ya jioni."

Rozina alikuwa mtu wa Mara, wa vijiji vya ufukweni huko mbele ya Musoma. Alikuja Mwanza ameolewa na mwanamume wa kiwanda cha samaki, ambaye baadaye alikwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mke. Rozina hakumfuata. Alipanga vyumba viwili Kiseke, akalea binti yake Evelina, akauza chai na vitumbua getini pa chuo kikuu kilichojengwa juu ya mawe nyuma ya mtaa. Miaka hamsini na mbili, darasa la saba, na ulimi ambao wahadhiri waliuheshimu kuliko wa mkuu wa chuo.

Kukaa kiti cha kuchorwa kulimjia kwa bahati. Kabla yake alikuwa anakaa mlinzi mmoja mzee, lakini akawa anasinzia, kichwa kinakwenda begani, na wanafunzi nusu wanamchora macho wazi na nusu macho yamefumba. Luhende alitoka getini akiwa amechoka, akamwona Rozina amekaa nyuma ya karai lake hatikisiki, akamwuliza kama angeweza kukaa hivyo saa mbili. "Bila kupika?" Rozina aliuliza. Ndiyo, bila kupika. Aliona ni kazi ya kichaa, lakini kichaa kilikuwa na kivuli na kiti.

Luhende alikuwa na namna yake ya kupima walichojifunza wanafunzi, na aliipenda kuliko watoto wake. Wiki ya kwanza ya muhula wanamchora Rozina. Wiki ya kumi na nne wanamchora tena: kiti kilekile, kitenge kilekile, dirisha lilelile linalotazama ziwa. Halafu michoro miwili inatundikwa ubavu kwa ubavu. "Umbali kati ya karatasi hizi mbili," aliwaambia, "ndiyo elimu yenu. Vingine vyote havibadiliki." Na ili visibadilike, alipaka alama nne nyekundu sakafuni mahali pa miguu ya kiti, na akaning'iniza timazi ya mafundi ujenzi kutoka darini, jiwe lake lifike ncha ya pua ya Rozina. Likigusa, kazi inaanza. Alipiga na picha ya simu ya mkao wa kwanza, akaituma kwenye kundi la darasa ili kila mtu awe na kumbukumbu. Hapo ndipo alipojichimbia shimo, ila kwa wakati ule lilionekana kama uangalifu.

Wiki ya saba Evelina alikufa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza kwenye duka la dawa huko Bunda. Jumatatu alipiga simu kusema kichwa kinamgonga. Alhamisi shangazi yake alipiga simu, na Rozina alipoona ni shangazi ndiye anayepiga, alizima jiko kwanza, akaepua mafuta, akafunika unga, ndipo akapokea. Alimwambia mlinzi wa geti, "Naenda nyumbani mara moja." Huko nyumbani walizika, walinyoa vichwa, walikaa siku zao. Siku ya kumi alikuwa getini tena na karai lake.

Hakumwambia mtu. Hakuficha, neno lenyewe tu lilikuwa halijapata njia ya kutoka. Wanafunzi walisema, "Mama Evelina, umetutupa, tumekula mikate wiki nzima," naye akawapa vitumbua. Luhende alisema, "Shikamoo mama, umerudi?" macho yakiwa kwenye simu, naye akasema marahaba, nimerudi. Waliendelea kumwita Mama Evelina mara arobaini kwa siku, akawa anaitika mara arobaini. Siku moja mafuta yalimrukia kifundo cha mkono, na mteja ndiye aliyemshtua, "Mama, umeungua." Aliangalia. Kweli, alikuwa ameungua. Alichota sukari ya chai, akaendelea.

Wiki ya kumi na nne akaitwa kukaa. Kitenge kilekile kilimzunguka mara mbili, akakibana kwa pini nyuma. Kichwani alijifunga kitambaa kilekile, ambacho mwezi wa tatu kilifunika misuko. Luhende alisogeza kiti kwenye alama zake nyekundu, akapima kwa futi kutoka ukutani, akateremsha timazi. "Kidevu juu kidogo, mama. Hapo hapo." Jiwe liligusa pua. Luhende akaridhika, akaenda kukaa nyuma na makaratasi yake.

Kutulia siku hizo hakukuhitaji juhudi yoyote. Angeweza kukaa mpaka kiangazi. Akiwa pale aliona jambo ambalo hakulijali wakati ule: vichwa vya wanafunzi havikuwa vinainuka kumtazama. Vilikuwa vinainama mapajani, kwenye simu, vinarudi kwenye karatasi. Ile picha ya wiki ya kwanza ilikuwa na mwanga mzuri na haikuwa na mikunjo. Kwa nini uhangaike na mtu mzima aliyekauka mbele yako? Na kwenye fomu ya alama si wameandika "mfanano na mkao wa kwanza"? Waliona njia fupi, wakapita wote.

Isipokuwa Akelo. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye choo cha bweni wiki mbili nyuma, na hakuna aliyejitolea kuitoa. Kwa hiyo Akelo alikuwa anainua kichwa, anatazama, anachora, anainua tena. Rozina alikerwa. Binti gani huyu anakodoa macho namna hii, aliwaza, hakufundwa kwao? Saa mbili zikapita, akashuka kitini akaenda kuosha vyombo.

Sasa leo ameingia ukumbini kuchukua chupa zake, na amekuta karatasi zote zimetundikwa mbilimbili. Wanawake ishirini na wawili wenye mashavu na shingo nzuri, wamechorwa vizuri zaidi kuliko wiki ya kwanza, kila mmoja na sitini zake, sabini zake. Na mwisho kabisa, karibu na ndoo ya taka, mmoja mwenye mifupa ya shingo nje, kitambaa kimelegea kichwani kwa kukosa cha kushikilia, na macho yanayotazama mguu wa meza. Chini yake Luhende alikuwa ameandika kwa penseli: *Hakuna mfanano. Uso umezeeshwa bila sababu. 37.*

Rozina alikuwa hajajiangalia kwenye kioo tangu msibani. Alimtazama yule mwanamke aliyechorwa kwa mkaa namna mtu anavyosoma tangazo la kifo cha mtu wa mtaa wa mbali. Hakulia. Alisema tu moyoni, kumbe ndivyo.

Na alijua thelathini na saba inamaanisha nini, kwa sababu mwenyewe Akelo alikuwa nje kwenye ngazi na begi limefungwa. Masomo mawili alishayaangusha. Likianguka la tatu, chuo kinamwondoa, na mjomba wa Tarime anayemlipia alishasema yeye hasomeshi watu wa kurudishwa.

"Huyu binti alikuwa na mwanzo mzuri," Luhende alimweleza Profesa. "Tazama mchoro wake wa kwanza, kisha huu. Kwa kipimo chetu amerudi nyuma. Siwezi kumpa alama za huruma."

"Nani amekuomba huruma?" Rozina aliuliza. "Mpe alama za macho."

"Mama, picha ya mkao ninayo hapa. Hii. Unafanana na nani, huyu au wale?"

Profesa hakuitazama simu. "Picha nimeiona. Mama, hebu kaa kidogo."

Rozina alikwenda akakaa. Luhende, kwa mazoea tu, alisogeza kiti kwenye alama, akateremsha timazi. Jiwe liligusa ncha ya pua sawasawa.

"Umeona?" Luhende alisema. "Mkao haujabadilika hata kidogo."

Rozina alifungua kitambaa, akakiweka magotini.

Nywele zilikuwa zimeota urefu wa punje ya mchele, nyeupe upande mmoja. Luhende alikuwa mtu wa Kisesa, na kwao pia wafiwa wananyolewa. Alisimama na uzi wa timazi mkononi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alimtazama usoni, kisha akaangalia ule mchoro karibu na ndoo ya taka, kisha akarudi kwake.

"Mama," alisema, sauti imeshuka. "Ulizika?"

"Nilizika."

"Lini?"

"Wiki ya saba. Mlikuwa na jaribio."

"Nani?"

"Evelina."

Luhende alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa. Miaka mitatu alikuwa anamwita mwanamke huyu kwa jina la huyo binti, na asubuhi hiyo alikuwa amemwita hivyo mara tatu.

Profesa Wilhelmina aliinuka, akapita kwenye zile karatasi polepole. "Mliotumia simu mko wengi," aliziambia. Akafika kwenye mchoro wa Akelo, akausogelea. "Tumempima nani, Dakta? Ishirini na wawili wamenakili picha ya simu yako. Mmoja ametazama."

"Fomu haina sehemu ya hilo," Luhende alisema. Hakuwa anabisha. Alionekana anaitafuta kweli hiyo sehemu.

"Andika pembeni."

"Hamsini na ngapi? Sitini?"

"Muulize aliyekaa. Si ndiye anayejua?"

Luhende alimgeukia Rozina. Rozina alishuka kitini, akasogea karibu na karatasi, mikono nyuma. Alikagua kwa muda mrefu, kama anavyokagua unga wa duka jipya.

"Sura ni yangu," alisema. "Mabega yangu. Mikono hapana. Mikono kaivuruga, hii ni vidole vya mtu anayecheza karata. Msimpe nyingi."

Profesa alicheka kidogo, akajizuia. Waliandika hamsini na nane. Wengine wote alama zao zilifutwa. Wangemchora upya, simu zikiwa kwenye kapu mlangoni, kama Rozina angekubali kukaa. Rozina alisema atakaa, lakini timazi iondolewe, inamwasha pua.

Nje, Akelo alisimama alipomwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua begi. Umepita."

Binti alikaa tena palepale kwenye ngazi. "Kwa nini?" aliuliza.

"Ulitazama. Ila mikono jifunze, umeniaibisha."

"Mama, siku ile nilitaka kukuuliza. Niliogopa. Nilidhani unaumwa."

"Ungeuliza," Rozina alisema, akabeba chupa zake.

Neno lilikuwa limeshatoka, likasambaa chuo kizima kabla ya saa kumi. Wanafunzi walimjia getini wawili wawili na pole zao. Akazipokea, akawapa vitumbua, akawachaji kama kawaida. Luhende hakuonekana. Pole ya msibani haisemwi getini wala kwa simu, hasa na mtu aliyekula mikononi mwa mfiwa. Huku asiyefika msibani anadaiwa, na deni hilo hulipwa nyumbani kwa mwenyewe, mchana, umekaa chini.

Jumamosi Rozina alikuwa uani Kiseke, ameanika dagaa juu ya lile jiwe kubwa linaloanzia mlangoni kwake na kupanda mpaka kwa jirani. Luhende alipanda kwa miguu. Alikuwa na kilo mbili za sukari na mchele kwenye mfuko wa kaki, na shati la kanisani. Alivua viatu mbali kidogo, akakataa kigoda, akakaa juu ya jiwe. Rozina alimletea maji. Alikunywa yote, akaweka kikombe chini.

"Mayu," alisema, kama wanavyoita mama zao kwao. "Nimechelewa. Wiki nane nimekuwa nakupima kwa futi. Pole kwa Evelina."

Rozina aligeuza dagaa kwa kiganja, safu moja, kisha ya pili. Alingoja aone kama kuna kitu kitakuja moyoni. Hakikuja, ama kilikuwa mbali sana. Lakini mtu alikuwa amepanda mlima, amekaa chini, amelitaja jina.

"Imefika, mwalimu," alisema. "Hudaiwi tena. Sasa sogea huku, unawakinga dagaa jua."

Luhende alisogea, akabaki mpaka chai.