Mwinjilisti anayetakiwa amwite mkewe marehemu

KIBONDO. Uji wa asubuhi bado haujafika wodini. Katika hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya mji, Leonidasi Nkunzimana ameinama juu ya kitanda cha bibi mmoja aliyeletwa jana kutoka kambi ya wakimbizi. Amemshika mkono, anaomba kwa Kiha, na bibi anaitikia kwa Kirundi. Lugha hizo ni ndugu, hakuna anayehitaji mkalimani.

Sala inakwisha, lakini Leonidasi haondoki. Anauliza swali ambalo wauguzi wote wa hapa wamelizoea.

"Mama, unatoka kilima gani huko Burundi?"

"Niko natoka upande wa Ruyigi, mwana wangu."

"Huko hukumsikia mwanamke anaitwa Pelagia? Mrefu, ana pengo hapa mbele. Ameolewa Mabamba."

Bibi anafikiri, kisha anatikisa kichwa. Leonidasi anamfunika blanketi vizuri na kuhamia kitanda kinachofuata.

Pelagia ni mkewe. Alivuka mpaka mwaka 1993, miezi michache kabla ya mauaji ya Oktoba yaliyoitumbukiza Burundi vitani, akienda kwao kumuuguza mama yake. Siku hizo Burundi kulikuwa kumetulia, na wakimbizi wa zamani walikuwa wakirudi kwao wakiimba.

"Mimi mwenyewe nilimsindikiza mpaka mpakani, nimembebea mzigo," anasema. "Aliniambia mvua za kupandia zikianza atakuwa nyumbani. Nikampa na kuku ampelekee mama."

Sasa ni mwaka 1997, na hajapata hata salamu.

Leonidasi, Muha wa Mabamba mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mwinjilisti wa kanisa. Alianza kuzunguka wodini wakimbizi walipofurika, bila mshahara, akila mahindi na maharage ya sadaka. Mwaka huu kanisa limeamua kuajiri mchungaji wa hospitali wa kudumu, na hospitali nayo imesema kuanzia hapo hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuombea wagonjwa wodini.

Masharti ya kazi hiyo karibu yote anayo. Miaka miwili ya chuo cha Biblia aliimaliza Kasulu. Kuhusu kutunza siri za wagonjwa, Sista Maximilla, mkuu wa wodi ya wanawake, anamtolea ushuhuda bila kuulizwa mara mbili. "Ukimpa huyu siri umeitupa kisimani," anasema. "Mimi mwenyewe zangu anazo, na nalala bila wasiwasi."

Sharti linalomkwamisha ni la nyumbani. Mchungaji wa hospitali hukaa na wake za watu wakiwa wagonjwa na wanyonge, hivyo kanisa linataka mtu ambaye nyumba yake inaeleweka: awe na mke anayeishi naye, au awe mgane. Leonidasi si huyu wala si yule.

Alipoitwa Kasulu kwa usaili, mwenyekiti wa kamati, Mchungaji Nestori, alimuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Sijui, Baba Mchungaji."

Mzee yule, kwa maelezo ya Leonidasi mwenyewe, hakuwa mkali hata kidogo. Alimsogezea kiti akamsihi. "Ndugu yangu, miaka minne ni mingi. Sema tu ni marehemu. Tutafanya ibada, tutaanua matanga, uanze kazi."

"Nilimwambia matanga hayajawekwa, nitayaanuaje?" anasimulia Leonidasi.

Wakampa mpaka Jumapili hii. Akikataa, analetwa mtu mwingine.

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na hapa usemi huo unauma. Wajane wa kambini wamesikia kutoka kinywani mwa mtu huyu kwamba aliyekwenda amekwenda, walie kisha wale. Yeye chakula chake mara nyingi hurudi jikoni hakijaguswa. Sista Maximilla anasema aliwahi kumshauri akubali tu yaishe. "Alinitazama, nikajuta kufungua mdomo."

Hata kuomba kumemshinda. "Naomba, ndiyo, lakini yeye nimwombee vipi?" anauliza. "Nikiomba arudi na kumbe amelala, namsumbua. Nikiomba apumzike na kumbe yuko porini ana njaa, nimemuua mimi. Basi namtaja jina, halafu nanyamaza. Nimechoka, ndugu mwandishi. Nimechoka sana."

Kwa nini basi asiiache kazi yenyewe, akalime Mabamba?

"Wanaotoka kule wanafikia hapa vitandani," anajibu. "Nikitolewa wodini, nitamuuliza nani?"

Kwa maneno mengine, ili aendelee kumtafuta mkewe, lazima kwanza atangaze kwamba amekufa.

Uji umefika, na Leonidasi anasaidia kuinua wagonjwa wasioweza kukaa wenyewe. Anapomaliza anasema ameshaamua.

"Jumapili nitapanda lori la mahindi niende Kasulu. Nitasimama mbele ya kanisa niseme Pelagia ni marehemu. Jumatatu nitarudi hapa niendelee kumuulizia."

Na iwapo atapatikana?

Anafuta mikono kwenye suruali, polepole, mpaka imekauka kabisa.

"Ataniuliza kwa nini nilimzika yu hai," anasema. "Aniulize tu."