Mama Rafik Anasomewa Sala

Mama Rafik alisali kwa sauti, na dirisha la jiko lake linatazama ule uwazi wa katikati ya jengo letu pale mtaa wa Shubra, basi wapangaji wa ghorofa zote sita tulizijua dhambi za watoto wake kuliko tulivyozijua zetu.

"Ee Bwana, Rafik hajagusa meza yako tangu baba yake afariki, miaka tisa! Ee Bwana, Nivin anasema uko moyoni mwake, eti hana haja ya kanisa. Moyoni! Mle mlimojaa viatu na saluni, wewe utakaa wapi?"

Mimi ghorofa ya chini yake, naanika nguo, naitikia amina kwa adabu tu.

Jina lake hasa ni Insaf. Alishona sare za shule miaka thelathini kwa cherehani cha miguu, akawalea hao wawili pamoja na mumewe Habib, aliyekuwa shemasi. Habib aliugua figo, akalala miaka miwili mpaka akafa. Nivin aliolewa akahamia mbali, yuko benki. Rafik ni fundi wa friji, ana miaka arobaini na mitatu, na duka lake liko kona ya pili. Kila Ijumaa, ambayo kwetu ndiyo siku ya mapumziko, watu tukielekea misa, yeye ndio kwanza anafungua mlango wa duka. Makusudi, alisema mama yake, ili amkondeshe.

Alijaribu kila njia. Aliandika majina yao kwenye vikaratasi, akampelekea padri wetu, Abuna Bisenti, aviweke madhabahuni. Kila wiki. Siku moja Abuna akamwambia, "Mama Rafik, nadhani Mungu ameshayakariri hayo majina."

"Kama ameyakariri, mbona hafanyi kitu?"

Abuna akashika ndevu zake, akavipokea vikaratasi.

Wakati wa Kwaresima Rafik alikuja kula maharage kwake, na mama akaona kitu kinachungulia kwenye mkate.

"Nini hicho?"

"Chumvi, Mama."

"Chumvi ya manjano? Jibini, Rafik! Nyumbani kwangu, siku tunazofunga hata maziwa! Unataka nife leo au kesho?"

"Kesho, Mama. Leo nina friji mbili za kupeleka."

Jioni ile jengo zima lilisikia habari za jibini.

Kisha mtoto wa jicho akamfunika Insaf. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akampiga marufuku kusoma wiki sita. Kwa mwanamke aliyeshika kitabu cha sala za saa tangu usichana wake, hiyo ilikuwa njaa. Nivin akamtumia sala zilizorekodiwa kwenye simu. Akazirudisha. "Huyu mtu wa kwenye simu anasali kama anakimbilia treni."

Akabaki mtu mmoja tu anayepita kila mchana. Rafik alishika kitabu kama anavyoshika friji ya mteja msumbufu, akaanza kusoma kwa sauti bapa.

"Unasoma orodha ya vipuri?" mama akauliza.

"Nasoma kilichoandikwa."

"Basi kisome kana kwamba kuna mtu anasikiliza."

Walipofika pale pa kuomba rehema mara arobaini na moja, Rafik aliacha kusoma. "Arobaini na moja? Kwani ya kwanza hakuisikia?"

"Anasikia. Wewe ndiye husikii. Soma."

Akasoma haraka haraka, kisha akasema amina.

"Thelathini na tatu," mama akasema. Alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya shali. "Nane umeweka wapi? Zirudishe."

Nilikuwa pale nimeleta supu. Nilitoka nje nikacheka kwenye ngazi.

Wiki sita zikaisha. Nilimsindikiza mimi kwa daktari, na daktari akasema jicho limepona, asome apendavyo. Tulipofika mlangoni kwetu akanishika mkono. "Jirani, wewe leo hukusikia kitu."

"Mama Rafik! Utamdanganya mwanao kwa ajili ya sala?"

"Nitaungama. Kwanza amalize mwezi huu."

Mwezi ukazaa mwezi. Mpaka siku moja Rafik akaingia mapema kuliko kawaida, akamkuta mama yake dirishani anatunga uzi kwenye sindano, sindano ndogo kabisa, kwa mara moja tu.

Sauti zilitufikia sote.

"Umenichezea, Mama! Naacha wateja, naja hapa kila siku kusoma kama mtoto wa shule, kumbe unaona mpaka tundu la sindano!"

"Ningefanyaje? Nimesali miaka tisa!"

"Miaka tisa unamwambia Mungu na jengo zima kwamba nimeacha kanisa. Umewahi kuniuliza kwa nini?"

Kisha Rafik akashusha sauti, na hilo ndilo lililonifanya niache kuosha vyombo. "Baba alihudumu pale miaka arobaini. Miezi saba ya mwisho alilala akiuliza mashemasi wenzake wako wapi, padri yuko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa namdanganya kwamba watakuja kesho. Wakaja siku ya mazishi, na mavazi yao mazuri."

"Najua," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango nione kama wanapanda ngazi."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa nikianza kukasirika nami sitarudi tena kule. Nikaona ni rahisi kukushtaki wewe kwa Mungu."

Rafik akaondoka bila kuaga.

Siku kumi na moja hakupita. Dirisha la jiko halikutoa sauti, na nakiri tuliukosa ule ugomvi. Siku ya nane Insaf alivaa akaenda kwa Abuna Bisenti, akaungama uongo wake, na akiwa palepale akamwambia habari za Habib. Abuna hakuwepo kanisani kwetu miaka ile, lakini uso ulimwiva kwa aibu. Akasema ataenda kumwona Rafik.

"Usiende na mahubiri," Insaf akamwambia. "Una friji iliyoharibika?"

"Sina."

"Basi nenda mikono mitupu, ukaombe radhi."

Akaenda. Alikaa dukani juu ya mashine kuukuu ya kufulia, akaomba radhi kwa niaba ya kanisa. Rafik aliendelea kukaza skrubu zake. Alimletea chai tu, na Abuna akainywa.

Siku ya kumi na mbili, mchana, nilisikia hatua ngazini. Rafik alivuta kiti, akachukua kitabu.

"Macho yangu mazima," mama akasema.

"Nimeona. Ila humu nusu ya mambo siyaamini, ujue."

"Nusu ipi?"

"Bado naangalia."

Nilisikia Insaf akivuta pumzi, ile ya kuanzia hotuba, nikajiandaa. Akaishusha. "Basi soma," akasema.

Ijumaa Rafik bado anafungua duka. Nivin, aliposikia kakake anamsomea mama, aliona wivu, akaahidi kuja kusoma Jumamosi. Huja amechelewa, anasoma huku anajibu simu, na Insaf humrudisha mwanzo wa ukurasa.