Gari la Katibu Kwenye Banda la Mama Turubai

Mama Turubai hakulichukia gari la mumewe kwa jumla. Alilichukia kwa vipande. Alizichukia taa za mbele zilizomkodolea macho kila alipofungua mlango wa banda. Aliichukia harufu ya polishi iliyoingia mpaka kwenye nyuzi zake za kushonea. Zaidi ya yote alilichukia shuka safi lililofunika gari kila jioni, kwa sababu lilikuwa shuka lake, la kitanda cha wageni.

Banda lenyewe lilikuwa lake kwa kila hali isipokuwa kulitumia. Alilijenga kwa jasho la kushona maturubai ya malori, akalipima mwenyewe ili turubai zima liweze kutandazwa humo bila kukunjwa. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali asiyejua kusifia, aliyekuwa na namna yake ya kukagua. Turubai likiisha lilitundikwa, aliyelishona akakaa chini yake, kisha shangazi akamwaga ndoo ya maji juu. Hakuangalia mshono. Aliangalia nywele za mshonaji. Zikiwa kavu, kazi ilitoka. Zikilowa, mshonaji alifumua na kuanza upya, na hakuna aliyempa taulo. Kwa mafunzo hayo madereva wa malori walimfahamu msichana yule hata kabla hajaolewa, wakampa jina la Mama Turubai, na jina likameza lile alilopewa na wazazi wake.

Mumewe alikuwa Katibu. Si katibu wa kitu fulani. Alikuwa Katibu tu, kama watu wengine walivyo warefu. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye ofisi ya kugonga mihuri juu ya karatasi zilizoandikwa na wengine, akastaafu bila ofisi kugundua. Baada ya kustaafu alinunua gari la zamani kwa mjane mmoja aliyekuwa akitafuta mtu wa kumwondolea chuma uani, akajiunga na chama cha wenye magari ya zamani, na chama kabla hakijajua jina lake la pili kilikuwa kimeshamfanya katibu. Tangu hapo neno lake lilikuwa moja: asilia. Kitasa asilia, rangi asilia, kelele asilia. Gari lenyewe lilikuwa halijawahi kuvuka geti kwa nguvu zake.

Liliingia bandani "kwa muda tu." Mama Turubai aliyakumbuka maneno hayo kwa sababu ndiyo maneno mafupi pekee aliyowahi kuyasikia kwa mumewe. Meza ya kukatia ikatolewa nje, ikaegemezwa ukutani chini ya upenu, ikaanza kupinda. Cherehani kubwa ya chuma ikahamia koridoni, na kila aliyekwenda bafuni aligonga goti na kutukana kimoyomoyo. Pale koridoni aliweza kushona mifuko na vitambaa vya viti. Turubai la lori halikutosha. Madereva walikuja, wakachungulia, wakaona boneti inayong'aa mahali pa meza, wakaenda zao kwa jamaa mmoja nyuma ya soko ambaye hashoni, anabandika kwa moto. Mama Turubai alizijua kazi zake. Alikuwa ameziona barabarani zikipepea.

Kulikuwa na ahadi. Chama kilikuwa na ukumbi wenye mlinzi, na gari lililopokewa na chama lilikaa humo.

"Siku likipokewa," Katibu alitangaza wakati wa chakula, "banda lako hilo hapo."

Alilisema hilo mbele ya mdogo wake, fundi bodi, anayekula kwa kunyoosha magari yaliyobonyea. Mama Turubai alimgeukia. "Shemeji, umesikia. Wewe ni shahidi."

"Mimi ni shahidi wa ahadi zake tangu utotoni," Shemeji alisema. "Bado nasubiri baiskeli."

Kilichobaki kwenye gari kilikuwa kitu kidogo, na kwa Katibu kitu kidogo ni hotuba. Ndani ya kila madigadi ya mbele kuna bati linalotenganisha gurudumu na injini. Bati hilo lina uwazi pale mkono wa springi unapopita, na uwazi huo hufunikwa kwa kipande cha mpira mnene kinachoning'inia kama pazia, ili maji na tope la gurudumu visirukie injini. Mipira ya gari hili ilikuwa imeoza zamani, yamebaki matundu tu kwenye bati, yamejipanga kama ya mkanda wa suruali. Katibu alikata mipya kwa mkasi wa mkewe, mkasi ambao baada ya hapo haukukata tena kitambaa, na akaitisha kadamnasi ya watu wawili kushuhudia uwekaji.

"Piga skrubu, kaka," Shemeji alisema. "Kazi ya kikombe kimoja cha chai."

"Skrubu!" Katibu alishika kifua. "Kiwandani walitumia pini za waya. Miguu miwili, inapenya mpira, inapenya bati, inakunjwa upande wa pili. Asilia."

"Kiwandani walikuwa wanawahi kwenda nyumbani."

"Ndiyo maana wewe unanyoosha magari ya watu waliogonga nguzo."

"Na nashukuru wanazigonga. Hilo lako litagonga nini? Kabati?"

Katibu aligeuka. Aliinama juu ya injini akiwa amevaa aproni ya mkewe, akaanza kazi. Mama Turubai alikwenda zake. Aliporudi kuchukua bunda la uzi aliloliacha rafuni, mpira wa kwanza ulikuwa umeshakaa, na vichwa vya pini vimenyooka kwenye mstari, vinang'aa kama meno mapya.

Hakuhitaji kuinama ili kuona. Mpira ulikuwa umewekwa upande wa injini. Maji yakirushwa na gurudumu yangeusukuma mbali na bati, na pazia lingefunguka kama la jukwaani. Ulipaswa kukaa upande wa gurudumu, ili kila tone linalorushwa liubane kwenye bati na kufunga uwazi. Kwenye turubai, kipande cha juu hulazwa namna ambayo upepo ukija hukigandamiza. Kosa la kukilaza kinyume kila mwanafunzi wa shangazi alilifanya mara moja, kisha akaenda nyumbani na nywele zimelowa.

"Mbona umeuweka upande huu?"

"Upi?"

"Huu wa injini. Maji yanatoka kule."

Katibu aliinua kichwa taratibu, kwa huruma. "Mama, nikiuweka kule, miguu ya pini inakunjiwa huku. Mkaguzi anafungua boneti anaona nini? Miguu imejikunja kama kucha za kuku. Hapa anaona vichwa. Halafu kule inabidi mtu alale chini ya gari."

"Kwa hiyo tatizo ni kulala chini."

"Tatizo ni wewe kujua kila kitu. Shona maturubai yako. Hii ni injini."

"Nishonee wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia niache nimalize."

Angeweza kusema zaidi. Angeweza kuleta kipande cha turubai na kikombe cha maji, akamwonyesha kama alivyoonyeshwa yeye. Lakini alimtazama mwanamume yule na aproni yake iliyofungwa kwa fundo la mbele, akaona maneno yake yana kazi nzuri zaidi ya kufanya. Wakaguzi wangeangalia kwa macho, na kwa macho gari lilipendeza. Liende. Likishatoka, hata likigeuka kisima, si banda lake. Dharau aliiweka chini ya ulimi kama pipi, akatoka nayo, na jioni nzima ilikuwa tamu.

Mwenyekiti wa chama alikuwa daktari wa meno. Alikuja na wanachama wenzake, watu wazima waliovaa kofia zinazofanana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitoa gari lake wakati mawingu yapo. Daktari aliinua boneti kwa vidole viwili, akasema "haya, tuone," kama vile injini ingefungua mdomo, akatoa kioo kidogo chenye mpini na kukipitisha kila kona. Kwenye mipira alisimama.

"Pini asilia," alisema kwa sauti ya chini. "Na zimepangwa! Wengi wananiletea gundi."

"Gundi!" kofia zote zikacheka.

"Mama," Daktari alimgeukia mwenye nyumba, "una mume makini."

"Ndiyo, Daktari. Ni makini sana juu ya vichwa."

Katibu alidhani amesifiwa.

Gari likakubaliwa, kwa sharti la kawaida la chama: liingie ukumbini kwa injini yake. Linalovutwa au kusukumwa halipokewi, linasubiri kikao kingine, na chama hukaa kikao kinapojisikia.

Siku ya kulihamisha mvua ilinyesha asubuhi na kukatika. Katibu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, akatoka getini kwa mwendo wa kupeleka maiti, Daktari akimfuata nyuma na gari lake. Mlio wa injini haujapotea barabarani, Mama Turubai alikuwa ameshamwita Shemeji.

"Shika huku. Inua, si kuburuta."

"Shemeji, hii cherehani au reli?"

"Inua."

Cherehani iliingia, na meza iliyopinda ikaingia pia. Akafagia. Akatandaza turubai la dereva mmoja mvumilivu aliyekuwa amekubali kusubiri, nalo likalala lote sakafuni, kona kwa kona, bila mkunjo. Alivua viatu akatembea juu yake, kwa sababu tu aliweza. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano simu ya Shemeji ilipolia.

Shemeji alisikiliza, akaitazama cherehani, kisha akamtazama shemeji yake. "Limezima. Kwenye dimbwi la pale kinu cha unga. Anasema injini yote maji. Twende tukasukume."

"Lisukumeni mpaka ukumbini."

"Daktari yuko pale pale, Shemeji. Ameshasema kikao kijacho."

Mama Turubai alichomoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

Gari lilirudi kinyumenyume, likisukumwa na Shemeji na wapagazi wa kinu waliojaa unga na vicheko. Katibu alikuwa ndani, ameshika usukani kama nahodha. Turubai likakunjwa, meza ikatoka, cherehani ikarudi koridoni, na Shemeji akagonga goti lake mwenyewe na kutukana, safari hii kwa sauti.

"Mafuta machafu," Katibu alieleza kabla hajaulizwa. "Na barabara. Halmashauri ya mji inakula tu. Halafu hali ya hewa ya siku hizi si asilia."

Mkewe aliinua boneti. Tope lilikuwa limetapakaa juu ya distributa, kile kikopo kinachogawa moto kwa plagi, na maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye waya zake. Mipira yote miwili ilikuwa imekunjamana kuelekea ndani, kama masikio ya mbwa aliyekatazwa kitu.

Katibu alichungulia juu ya bega lake. Alitazama mipira, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulifanya kazi.

"Ulijua."

"Nilikuuliza."

"Hukusema. Uliuliza, ukaondoka unatabasamu. Nilikuona."

Mama Turubai alijua ni kweli, na hilo lilimuudhi kuliko tope. Pipi aliyoificha chini ya ulimi ilikuwa imemgharimu banda. Kumdharau mume ni jambo jepesi, lina raha yake, na halijawahi kumrudishia mtu meza ya kukatia.

"Kaushe waya," alisema. "Kisha uzing'oe hizo pini."

"Zote?"

"Bakisha moja ya kumbukumbu, ukipenda."

Gari likainuliwa, magurudumu ya mbele yakatolewa, vigogo vikawekwa chini. Mama Turubai alitandika kipande cha turubai kuukuu, akalala chali pale mumewe alipokataa kulala, akiwa na msharasi wake wa kutobolea. Aliubandika mpira upande wa gurudumu, akatoboa, akapenyeza pini. Miguu ilitokea upande wa pili, na Katibu akaidaka kwa koleo na kuikunja. Walifanya kazi hivyo, bati katikati yao, bila kuonana.

"Kaza. Mpira unacheza."

"Nimekaza."

"Umekaza kama unavyokaza ahadi."

Sauti ya koleo ikasikika, safari hii kwa nguvu.

"Miguu inaonekana," Katibu alilalamika kutoka juu. "Daktari ataona kucha za kuku."

"Daktari amekuona unasukumwa na wapagazi. Kunja."

Walipomaliza upande wa pili alijitoa chini, akajifuta mikono kwa shuka la kitanda cha wageni, ambalo sasa lilifaa kwa kazi hiyo tu, akaenda kujaza ndoo.

"Simama hapo," alimwambia mumewe. "Juu ya injini. Inama, kifua karibu na mpira. Karibu zaidi."

"Nimevaa shati jeupe."

"Ndiyo maana."

Shemeji aliacha kusugua goti lake, akasogea mlangoni ili aone vizuri. Katibu aliinama. Alifumba macho. Mama Turubai alisimama pale gurudumu linapokaa, akaipeleka ndoo nyuma mpaka usawa wa bega, akairusha yote kwa nguvu za mtu aliyebeba maturubai maisha yake yote. Mpira ulipiga bati kwa kishindo na kuganda hapo. Maji yakarudi miguuni kwake, yakajaza kandambili zake. Wakahamia mpira wa pili, nao ukaganda vile vile.

Akazunguka kwenda kuangalia. Alilikagua shati kola mpaka kiuno, akapapasa kifua kwa kiganja. Lilikuwa kavu kabisa. Kazi ilikuwa imetoka, na kikao kijacho gari lingeondoka.

Hata hivyo alisimama pale muda kidogo, ndoo tupu mkononi, akimtazama mumewe aliyekuwa bado amefumba macho.

"Tayari?" Katibu aliuliza.

"Bado," alisema, akaenda kujaza ndoo nyingine, hii ya shati.